Kompyuta na Upangaji wa Makazi Uwandani Makonde

Atokaye Masasi, penye majabali yasimamayo pweke, akapanda hadi Newala, huufikia uwanda wa mchanga mwekundu ambao mvua yake huzama upesi isiache hata kijito. Na ndiyo sababu watu walikaa juu huku wakiteremka mabondeni kuteka maji, hata ulipoanzishwa, katika miaka ya 1950, mradi wa kuyapandisha kwa pampu. Hata leo Newala na Tandahimba hutegemea chanzo cha Mitema.

Katika nchi ya namna hii, kuchagua mahali pa kijiji ni kuhesabu mambo mengi kwa wakati mmoja: maji, mteremko, rutuba, barabara, zahanati, na mwendo wa mkulima hadi mikoroshoni kwake. Hesabu kama hiyo ilimkabili Roger Tomlinson, mtaalamu wa kampuni ya Kanada ya picha za angani, alipotakiwa mnamo mwaka 1960 kutafuta mahali pa kupanda msitu nchini Kenya. Ramani zikawa nyingi, na gharama ya kuzilinganisha kwa mkono ikapita kiasi, naye akaonelea kazi hiyo ikabidhiwe kompyuta. Fikra hiyo ilikuja kuzaa mfumo wa ramani za kompyuta wa Kanada, mama wa mifumo itumikayo leo. Na yafaa tukumbuke kuwa chimbuko lake lilikuwa swali la ardhi ya Afrika Mashariki.

Kompyuta huzitandaza ramani hizo moja juu ya nyingine, kama kanga nyepesi zionyeshanazo nakshi. Kila kipande cha ardhi hupewa alama kwa kila sharti, kila sharti hupewa uzito wake, na jumla yake hudhihirisha panapofaa. Programu ya QGIS, ifanyayo kazi hiyo, hupatikana bila malipo, na huko Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi na wakazi wa mitaa kuchora mifereji na nyumba zifikwazo na mafuriko.

Lakini ni nani aamuaye uzito? Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, serikali ilipowakusanya watu katika vijiji vipya, wakulima wengi wa kusini walihamishiwa mbali na mikorosho yao; na mavuno ya korosho ya nchi, yaliyokaribia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yakaporomoka vibaya, umbali huo ukiwa miongoni mwa sababu zake. Mashine ingeupima umbali ule kwa dakika chache, ila kwa sharti kwamba awepo mtu wa kuiambia kuwa mikorosho ni jambo la kuhesabiwa.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 imeukabidhi mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya kuuridhia mpango wake. Naona, kwa dhati ya moyo wangu, kwamba wataalamu wapaswa kufika kijijini kabla uzito haujapangwa, si baada ya ramani kuchapishwa na kutiwa rangi, ili mama ajuaye kisima kipi hukauka mwezi wa Oktoba, na mzee ajuaye korongo lipi lazidi kula shamba mwaka hata mwaka, maneno yao yaingizwe katika hesabu yenyewe.