Mechi Ngapi Zitachezwa?

Kila muhula wa pili ubishi huzuka hapa shuleni juu ya ligi ya madarasa. Mikondo ni minane, kiwanja ni kimoja, na sisi wa shule ya kutwa lazima tufike nyumbani kabla giza halijaingia. Kwa hivyo jioni moja ni mechi moja tu. Wachezaji nao wanashikilia kwamba kila timu icheze na kila timu. Je, siku zitatosha?

Hebu tuhesabu. Kila timu ina wapinzani saba. Nane mara saba ni 56. Lakini ngoja kwanza! 3A kucheza na 3B, na 3B kucheza na 3A, ni mechi ile ile. Tumeihesabu mara mbili. Gawa kwa 2, upate 28. Hesabu hii huitwa kombinesheni: unachagua bila kujali nani katajwa mwanzo.

Jioni 28 ni zaidi ya wiki tano za masomo, na mtihani unabisha hodi. Mwalimu gani atakubali? Mimi naona afadhali makundi mawili ya timu nne nne. Nne mara tatu, gawa kwa 2, ni mechi 6 kwa kila kundi, yaani 12. Ongeza nusu fainali mbili na fainali: 15. Wiki tatu kamili! Hata Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 lilifanya hivyo. Timu zilikuwa 32, mechi zikawa 64. Kama kila timu ingekutana na kila timu, zingekuwa 496. Wangecheza hadi lini?

Wengi hukwama wanapoambiwa wachague watatu. Tuseme chama chetu kina wasemaji watano na mdahalo unataka watatu. Wa kwanza unaweza kumpata kwa njia 5, wa pili 4, wa tatu 3. Hiyo ni 60. Lakini Amina, Otieno na Wanjiku unaweza kuwataja kwa mipangilio 6, na bado ni wao kwa wao. 60 gawa kwa 6 ni 10. Ukitaka njia ya mkato, hesabu wawili watakaobaki: 5 mara 4, gawa kwa 2. Ni 10 vile vile.

Ila watatu hao wakiwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, usigawe kitu. Wakibadilishana viti, hiyo ni kamati nyingine, na jibu linabaki 60. Kama huamini, muulize yeyote aliyetaka uenyekiti akapewa ukatibu!