Batare na Bezi: Ugomvi wa Nyumba Moja

Msafiri atokaye Rumonge kwa barabara ya ziwani kuelekea kaskazini hufika Bujumbura. Huko, ukingoni mwa Tanganyika, ugomvi wa wana wa wafalme wa Burundi ulimwaga damu iliyoliza nchi nzima.

Chanzo kilikuwa ardhi. Mfalme Ntare Rugamba aliwagawia wanawe mikoa. Kizazi chao ndicho Batare. Mrithi wake, Mwezi Gisabo, aliyetawala hadi 1908, aliwapokonya ndugu zake ili awape wanawe mwenyewe, ndio Bezi. Binamu wakabaki na kinyongo.

Vita vya panzi furaha ya kunguru. Wabelgiji walikitumia kinyongo hicho, wakampendelea Chifu Baranyanka wa Batare. Mwaka 1961 Louis Rwagasore wa Bezi, mwana wa Mfalme Mwambutsa, alishinda uchaguzi kwa viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba aliuawa kwa risasi mkahawani kando ya ziwa. Wana wawili wa Baranyanka walinyongwa Januari 1963. Ufalme wenyewe ulikoma 1966. Nyumba zote mbili zikakosa kiti.

Ndugu wazazi, tuwagawie watoto urithi kwa haki tungali hai.