Kuhuisha Wembe wa Zamani

Wembe ninaotaka kuwaeleza leo si kile kibamba chembamba kiuzwacho ndani ya karatasi na kutupwa kiishapo kazi. Ni wembe wa kukunja, wenye mgongo mnene na makali membamba, uingiao katika mpini wake kama kisu cha mfukoni. Nyembe za namna hii zilifanywa kwa wingi katika miji miwili iliyosifika kwa visu, Sheffield katika Uingereza na Solingen katika Ujerumani. Mwaka 1903 Bwana King C. Gillette wa Marekani alianza kuuza mashine yake ya kunyolea yenye wembe wa kutupwa, na kidogo kidogo nyembe za kale zikawekwa sandukuni. Nyingi zimo humo hata leo, zimeshika kutu, na mtu aupataye mmoja hudhani umekufa. Mara nyingi haukufa. Lakini mtu mwenye tupa na haraka aweza kuuua kwa nusu saa.

Thamani yake ni chuma chake. Yapata mwaka 1740 Benjamin Huntsman, fundi wa saa, alitaka chuma cha pua kisicho na kasoro kwa kamani za saa zake, akakiyeyusha katika vyungu vya udongo ndani ya tanuri kali karibu na Sheffield. Wafua visu wa mji ule walikikataa kwanza, wakisema ni kigumu mno. Wafaransa wakakinunua, wakafanya visu vizuri hata wale wa Sheffield wakashindwa sokoni, ndipo nao wakakikubali. Ukiona juu ya wembe maneno «Cast Steel», maana yake ni chuma kilichoyeyushwa namna hiyo. Na ukiona jina la nchi, «England» au «Germany», yaelekea ulifanywa tangu mwaka 1891, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1890 iliagiza bidhaa ziletwazo huko zionyeshe nchi zilikotoka.

Chuma hiki hupata ugumu wake kwa moto, na kwa moto hupotea. Kikipashwa zaidi ya kadiri ya nyuzi 200 za Celsius huanza kulainika, na kikigeuka rangi ya buluu ujue kimekwisha haribika. Basi usiupeleke wembe kwenye cherehe. Makali yake ni membamba mno, na jiwe lizungukalo kwa kasi huyachoma kabla mkono haujasikia joto.

Kwanza utazame wembe mchana penye mwanga mwingi. Pengo dogo laweza kunolewa likatoweka. Ufa uliopanda kutoka makalini kwenda mgongoni hauponyeki. Wembe huo na uwe kumbukumbu tu. Kutu nyekundu itoe kwa mafuta na karatasi ya msasa iliyo laini sana, ukisugua kutoka mgongoni kuelekea makalini, wala usisugue kuelekea vidoleni mwako. (Mababu zetu walilainisha mbao kwa majani ya mti wenyewe, msasa, ila kwa kazi hii karatasi ni bora.) Weusi ulioenea sawasawa uache, hauli chuma, na mtu akitaka wembe ung'ae kama kioo hupunguza chuma bure. Tazama na mpini pia. Mipini ya pembe au ya mpingo haina shida, lakini ile ya seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi ulao chuma kilicho karibu. Hiyo ibadilishwe, nayo isisogezwe motoni, kwani hushika moto upesi.

Sasa kunoa. Anoaye kisu hukadiria mwinamo kwa mkono wake. Wembe hautaki kukadiriwa. Waliouunda waliufanya mgongo uwe mnene makusudi: ulaze ubavu juu ya kinoo, mgongo na makali vikiligusa jiwe pamoja, na mwinamo utajipata wenyewe, kadiri ya nyuzi 16 kati ya pande mbili za makali. Nao mgongo hulika pamoja na makali, hata mwinamo ukakaa karibu vile vile kwa miaka mingi. Mimi naona hii ni akili kubwa kuliko mapambo yote ya pembe za ndovu. Ajidaiye fundi akauinua mgongo kidogo «ili unoleke upesi» ameitupa kazi hiyo yote.

Kinoo kiwe tambarare kabisa, kimelowa maji. Usukume wembe makali yakitangulia, pasipo kukandamiza, na ukifika mwisho ugeuze kwa mgongo, usiugeuze kwa makali. Vinoo vya viwandani huandikwa hesabu, na hesabu ikizidi jiwe ni laini zaidi. Anza na 1000, ukae hapo hata pande mbili zikutane toka ncha hata shina. Hapa ndipo wengi huchoka mapema. Elekeza makali taani: mahali palipo butu hung'aa kama uzi mweupe, palipo pakali hapaonyeshi kitu. Hapo tu endelea na 4000, kisha 8000. Wengine humalizia kwa jiwe la manjano lichimbwalo katika Ardennes ya Ubelgiji, lenye chembe ndogo za garineti.

Mwisho ni ukanda wa ngozi uliovutwa ukakazika. Hapa mwendo hugeuzwa: mgongo hutangulia na makali hufuata, la sivyo utaukata ukanda. Mara 40 au 50 zatosha. Ukiisha kunyoa, kausha wembe na kuupaka mafuta kidogo, wala usimwazime mtu, maana tone la damu lisiloonekana laweza kuchukua homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Ukipigwa ukandani kila kabla ya kunyoa, hautahitaji kinoo tena kwa miezi kadha wa kadha.