Kikomo cha GB Hakitibu Msongamano

Oktoba 2008 kampuni ya Comcast, mojawapo ya kampuni kubwa za intaneti ya nyumbani nchini Marekani, iliwawekea wateja wake kikomo cha GB 250 kwa mwezi. Hoja yake ilikuwa kwamba wapo wachache wanaotumia kupita kiasi. Hoja hiyo imeshafika kwetu Afrika Mashariki. Kifurushi cha nyumbani kinatangazwa kuwa hakina kikomo, kisha katikati ya mwezi kasi inaporomoka, na ukiuliza unaambiwa ni sera ya matumizi ya haki.

Faiba inayoingia nyumbani kwako hukutana na za majirani kwenye kifaa kimoja, na kuanzia hapo wote mnagawana uwezo uliopo. Uwezo huo hupimwa kwa sekunde: ni megabiti ngapi zinaweza kupita sasa hivi. Usipotumika, umepotea. Kiti cha daladala kilichokwenda kitupu saa nane mchana hakiwekwi akiba kwa abiria wa saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo anayepakua GB 900 usiku wa manane, watu wamelala, hamsumbui jirani yeyote. Anayetumia GB 60 tu kwa mwezi, zote kati ya saa mbili na saa nne usiku, ndiye aliyemo kwenye foleni. Kikomo cha mwezi kinamwadhibu wa kwanza na kumwacha wa pili.

Tazama watoa huduma wanavyouziana wao kwa wao. Mtoa huduma anaponunua njia ya kufika kwenye intaneti ya dunia, mara nyingi halipi kwa GB. Matumizi yake hupimwa kila baada ya dakika 5 mwezi mzima, vipimo vikapangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo, asilimia 5 ya juu ikaondolewa (karibu saa 36 za mwezi), na kipimo kinachofuata ndicho kinachoandikwa kwenye ankara. Bei inafuata kilele. GB zinazopita alfajiri, mtandao ukiwa mtupu, hazimwongezei deni. Halafu anamgeukia mteja na kumhesabia GB za alfajiri sawa na za saa tatu usiku!

Na matumizi makubwa ni yapi hasa? Saa moja ya filamu yenye picha safi hula hadi GB 3 hivi. Nyumba inayowasha runinga hiyo saa 5 kwa siku hufika GB 450 kwa mwezi, kabla mtoto hajafungua somo wala mama hajaingia kwenye mkutano wa kazi. Hiyo ni familia ya kawaida. Tena piga hesabu hii: umeuziwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde na kikomo cha GB 500. Ukiitumia kasi yote uliyolipia, kikomo kinakwisha ndani ya saa 56. Mwezi wa siku 30 una saa 720.

Wenye biashara wanajua kwamba kikomo hakitibu msongamano. Januari 2013 Michael Powell, wakati huo mkuu wa chama cha kampuni za kebo za Marekani, alikiri kwamba suala si msongamano bali ni jinsi ya kurudisha gharama kubwa za kujenga mtandao. Machi 2020, korona ilipogeuza nyumba kuwa ofisi na madarasa, Comcast ilisimamisha kikomo chake, na mtandao ukahimili. Julai kikarudi. Kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako inashindana na faiba ya kampuni ya Verizon, kikomo hakikutumika kwa miaka mingi, na mpango wa kukipeleka huko 2021 uliahirishwa baada ya malalamiko. Mwaka 2025, ikiendelea kupoteza wateja, ilianza kuuza vifurushi vipya visivyo na kikomo.

Gharama zenyewe ni za kweli. Mitaro inachimbwa, nguzo zinasimamishwa, mafundi wanalipwa, na mwekezaji ana haki ya kurudishiwa fedha zake. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika pwani yetu Julai 2009, tulipotegemea setilaiti, uwezo ulikuwa haba mchana na usiku, na kikomo kilieleweka. Simu nazo zina shida yao, kwa kuwa masafa ya mnara mmoja hayaongezeki kwa kulaza waya mwingine. Lakini kwa intaneti ya waya ya nyumbani dawa inayolenga ugonjwa ipo siku nyingi. Mwishoni mwa 2008 hiyohiyo, Comcast ilifunga mfumo uliopunguza kasi ya watumiaji wazito pale tu njia ya mtaa wao ilipokaribia kujaa, na kuirudisha hali ilipotulia.

Naziomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zizuie kifurushi chenye kikomo kuuzwa kwa jina la kisicho na kikomo, na ziwatake watoa huduma waonyeshe msongamano wanaodai kuuzuia. Nawe msomaji, kabla hujatia saini, uliza kikomo ni GB ngapi, kasi itashuka hadi ngapi, na je, itashuka hata saa ambazo mtandao ni mtupu? Majibu yaandikwe kwenye mkataba.