Moto Mmoja, Sufuria Moja: Kampala na Mila ya Kubana Matumizi

Jua likishaanza kuzama, kandokando ya barabara za Kalerwe, Bwaise, Ndeeba na Namuwongo hutandikwa magunia na maturubai chini, na soko la jioni huanza. Wakaazi wa Kampala huliita toninyira mukange, yaani "usinikanyagie changu", kwa sababu bidhaa ziko chini kabisa, miguuni mwa wapita njia. Nyanya zimepangwa mafungu ya shilingi 500 na 1,000. Mukene, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, hupimwa kwa kikombe. Mafuta ya kupikia yamefungwa kwenye vimfuko vidogo vya plastiki, kila kimoja kikitosha kukaangia kitunguu cha mlo mmoja. Wanunuzi wengi ni watu wanaotoka kazini na pesa ya siku hiyohiyo mkononi: kibarua wa ujenzi, mama anayefua nguo za watu, msusi, mwendesha bodaboda. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku.

Nunua kidogokidogo, nawe utalipa zaidi. Anayeweza kununua mafuta ya lita tano au gunia zima la makaa hulipa bei nafuu kuliko anayenunua kimfuko na kopo, ingawa huyu wa pili ndiye mwenye kipato kidogo. Hata hivyo familia za mizigo, vile vyumba vya kupanga vilivyojipanga mstari mmoja na milango ikitazamana na ua, zinakula, zinasomesha watoto, na mgeni akifika hakosi sahani. Muujiza haupo hapo. Kuna elimu ya jikoni iliyorithiwa na kuongezwa kwa vizazi vingi, nami naamini ni miongoni mwa elimu kubwa za mji huu, ingawa haina cheti wala mwalimu anayelipwa.

Msingi wa elimu hiyo ni moto. Wageni hudhani mama wa Kampala huwaza kwanza bei ya chakula, lakini mara nyingi huanza na swali jingine: hiki kitaiva kwa makaa kiasi gani? Nyumba nyingi mjini hupikia makaa ya miti, kwenye jiko dogo liitwalo sigiri. Makaa hayo hutoka mbali, Nakasongola, Luweero, na kaskazini kama Gulu na Amuru. Mnamo Mei 2023, Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi ili kuokoa misitu. Sababu ilikuwa ya haki, maana miti ilikuwa inateketea, lakini kwa mpishi wa Kampala kila kikwazo njiani humfikia kama bei mpya ya kopo lilelile. Ndiyo maana upishi wa mji huu umejengwa juu ya kanuni moja: moto ukishawashwa, usiruhusiwe kufanya kazi moja tu.

Tazama matoke yanavyopikwa na Waganda, wenyeji wa eneo la Kampala. Ndizi mbichi humenywa kwa kisu kidogo chenye makali, ganda litoke jembamba na nyama ya ndizi isipotee. Chini ya sufuria hupangwa vipande vya vikonyo vya majani ya mgomba, maji yakamiminwa, kisha ndizi zikafungwa ndani ya majani kama furushi na kuwekwa juu ya vile vipande, zisiguse maji. Majani mengine hufunika juu, yakachomekwa pembeni mpaka mvuke usipate pa kutokea. Zikishaiva, furushi hutolewa na kubonyezwa kwa viganja juu ya majani mpaka ndizi zilainike, halafu hurudishwa juu ya makaa yaliyofifia ili ziendelee kuiva polepole. Ladha ya matoke iko katika huo upole, na hicho kipindi kirefu hakidai makaa mengi, kwa kuwa majani yanatunza joto.

Sasa angalia juu ya furushi hilo. Hapo hukaa bakuli la mchuzi wa karanga. Pembeni kuna nyanya chungu, entula kwa Kiganda, na fungu la ebbugga, ule mchicha mwekundu, lililofungwa kwenye jani lake. Kipande cha boga au kiazi kitamu cha mtoto huchomekwa kando. Mvuke ule mmoja unaivisha ndizi, mchuzi na mboga, na sufuria ni moja. Hata luwombo, chakula cha heshima cha nyama au kuku aliyefungwa kwenye jani la mgomba, ambacho husimuliwa kwamba kilibuniwa na mpishi wa Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga II mwaka 1887, kinafuata njia hiyohiyo ya jani na mvuke. Kasri na chumba cha kupanga vinatofautiana kwa kilichomo ndani ya jani; ujuzi ni uleule.

Chakula kikishaepuliwa, sigiri haizimwi hivihivi. Makaa yaliyobaki huchemsha maji ya chai au ya kuogeshea watoto. Yakibaki tena, hufunikwa majivu yalale taratibu. Majivu yenyewe hutumika kusugulia masufuria. Vumbi la makaa lililobaki chini ya gunia huchanganywa na udongo wa mfinyanzi au uji wa unga wa muhogo, likafinyangwa madonge na kuanikwa juani. Madonge hayo huwaka polepole, na ndiyo yanayofaa kwa maharage.

Maharage yana hesabu yake. Ni chakula cha bei nafuu chenye gharama iliyojificha, kwani yakiwa makavu hula makaa kwa saa kadhaa. Mpishi mzoefu huyaloweka usiku kucha. Asiye na makaa ya kutosha hununua yaliyokwisha kuchemshwa, maana mitaani wapo akina mama wanaopika sufuria kubwa moja na kuuza kwa kikombe jioni. Mnunuzi huyaunga nyumbani kwa nyanya na kitunguu, dakika chache tu. Moto mmoja umehudumia nyumba nyingi, muuzaji amepata riziki, na mnunuzi ameokoa makaa. Kijana anayeishi peke yake naye ana njia yake. Hununua kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, au rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai na nyanya, chakula kilichopata jina miongoni mwa wanafunzi wa Makerere pale Wandegeya. Kwa mtu mmoja, kuwasha sigiri kwa ajili ya sahani moja ni hasara, na vijana wengi wamelijua hilo bila kufundishwa.

Mafuta nayo hayatawali jiko la Kiganda. Upishi wa asili ni wa mvuke na kuchemsha, na utamu hutoka kwenye karanga. Karanga hutwangwa, unga wake ukakorogwa kwenye maji na kupikwa kwa moto mdogo mpaka mchuzi uwe mzito. Humo hutiwa mukene, au kipande kidogo cha samaki wa moshi, na ladha ya kipande hicho huenea sufuria nzima. Kuna wanaotwanga mukene kabisa na kuuchanganya na unga wa karanga, ili mtoto asiyependa kuona vichwa vya samaki ale bila kugombana na mtu. Pembeni kuna nakati, mboga chungu kidogo ambayo Waganda huipenda mno, pamoja na dodo, aina ya mchicha, na jjobyo, ambayo Watanzania huijua kama mgagani. Mboga hizi hupandwa hata kwenye magunia yaliyojazwa udongo mlangoni pa chumba. Ukichuma majani kwa uangalifu, shina huchipua tena.

Yanabaki maganda ya ndizi, ambayo Kampala huyatoa kwa wingi kila siku. Kwa desturi hayatupwi ovyo. Wafugaji wa mbuzi, ng'ombe na nguruwe waliomo mjini na pembezoni huyakusanya au huyanunua kwa gunia, na nyumba yenye mbuzi wake huwa haina haja ya kuyatoa nje. Siku hizi yako hata makundi ya vijana na akina mama wanaoyakausha, kuyachoma na kuyageuza kuwa makaa ya kufinyanga. Uzito wa jambo hili ulionekana tarehe 10 Agosti 2024, dampo la Kiteezi, kaskazini mwa mji, lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni mabaki ya vyakula. Mama anayempa jirani maganda kwa ajili ya mbuzi wake hufikiri anasaidia mbuzi tu, kumbe ameupunguzia mji mzigo unaoweza kuua.

Elimu hii haikai ndani ya chumba kimoja, bali inategemea ujirani. Akina mama wawili au watatu huchanga pesa, wakanunua mkungu mzima kutoka kwenye malori yanayoleta ndizi za Mbarara, Isingiro na Masaka, halafu wakagawana vichane uani. Sokoni kila mtu ana kasitoma wake. Neno hilo hutumika pande zote mbili, muuzaji na mnunuzi wakiitana hivyohivyo. Mnunuzi humwambia muuzaji, "Nnyabo, nnyongerako", yaani "Mama, niongeze kidogo", naye huongeza nyanya moja au kishada cha nakati. Kwa anayenunua kidogo, nyongeza hiyo ndiyo inayopunguza ule ubaya wa bei ya rejareja. Siku ambayo kibarua hakikupatikana, uhusiano huohuo humwezesha mnunuzi kukopa chakula cha leo na kulipa kesho.

Kwa mahitaji makubwa kuna nigiina, kikundi cha wanawake wanaochangiana kwa zamu, mwenye zamu akaondoka na pesa au vyombo vya ndani. Kuna pia munno mukabi, chama cha kusaidiana msibani, chenye masufuria makubwa na watu wa kupika, ili familia iliyofiwa isiingie kwenye deni kwa ajili ya kulisha waombolezaji. Waganda husema kamukamu gwe muganda: kimoja kimoja hufanya fungu. Kwa Kiswahili tunasema haba na haba hujaza kibaba.

Adabu ya kula nayo inafunga hesabu hiyo. Mlo ukiisha, kila aliyekula humwambia mpishi "Ofumbye nnyo", kwamba amepika vizuri, na aliyeleta chakula huambiwa "Ogabudde", kwamba amegawa kwa ukarimu. Shukrani mbili, kwa mkono uliotafuta na mkono uliopika, hutolewa kwa maharage matupu kama zinavyotolewa kwa kuku. Nyumba yenye desturi hii haina sababu ya kuona haya kwa chakula cha kawaida.

Lakini tusiipambe mila hii hadi tusahau gharama yake. Mzigo wa kubana matumizi huwaangukia wanawake zaidi. Zamani mwanamke wa Kiganda hakuruhusiwa kula kuku wala mayai, na hadi leo katika nyumba nyingi firigisi ni ya baba. Mwiko wa kuku umekwisha, lakini tabia ya mama kupakua mwisho na kujiwekea kilichobaki ipo bado, na sufuria inapopungua, huyo ndiye anayekosa. Ubanaji unaomnyima chakula mtu yuleyule kila siku haupaswi kusifiwa.

Wala elimu ya jikoni haichukui nafasi ya kipato. Mwaka 2020, Uganda ilipofungwa kwa sababu ya korona, wachuuzi wa chakula waliamriwa walale masokoni ili wasieneze ugonjwa, na serikali ikagawa Kampala na Wakiso kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu aliyehesabiwa kuwa mhitaji. Msaada ulihitajika, lakini haukuja na makaa, na maharage makavu bila moto hayaliki. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mafuta, Rais Museveni alisema katika hotuba ya Siku ya Wafanyakazi kwamba asiyepata mkate ale muhogo. Familia za mizigo zilikuwa zikila muhogo kwa chai tangu zamani. Hazikuhitaji kufundishwa chakula mbadala. Zilihitaji malipo ya kazi yanayokwenda sambamba na bei za sokoni.

Kwa hiyo nina mambo mawili ya kuomba. La kwanza ni kwa familia zetu: ujuzi huu wa mvuke, majani, majivu na karanga wafundishwe wavulana na wasichana sawasawa, maana wote watapanga chumba mjini siku moja na wote watakuta makaa ni ghali. La pili ni kwa wanaopanga mipango ya mji na nishati: wakitaka kuokoa misitu ya kaskazini, waanze kwa kuwauliza akina mama wa Kalerwe na Bwaise wanavyopika, kisha walete gesi au umeme unaoweza kununuliwa kwa kiasi cha siku moja, kama kimfuko cha mafuta. Mtungi wa gesi unaodai malipo ya mwezi mzima kwa mkupuo hauwezi kumfaa mtu anayelipwa kila jioni. Akina mama hao wamebana matumizi hadi mwisho wa uwezo wao, na hatua iliyobaki ni ya wengine.