Pacha wa mji atalishwa na nani?

Wahandisi wa siku hizi wametuletea neno jipya: pacha wa kidijitali. Huo ni mfano wa mji ndani ya kompyuta, unaolishwa habari za mji wenyewe, ili mtaalamu aweze kufunga barabara humo na kuona msongamano utahamia wapi kabla ya kumsumbua raia hata mmoja.

Singapore walitangaza pacha wao mnamo 2014. Je, Nairobi, ambako matatu hazina ratiba, pacha atalishwa nini?

Wanafunzi walikwisha kujibu. Kuanzia 2012 vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wasomi wa Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakanakili kila kituo, hata vile visivyo na kibao ila mazoea ya manamba. Wakapata njia zaidi ya 130, na ramani yao ikatolewa 2014.

Kazi ile ndiyo somo lenyewe. Ilhali mafunzo ya wataalamu (walimu wataniwia radhi) aghalabu hukomea kwenye kubonyeza programu. Ofisa aliyefunzwa hivyo atajuaje iwapo njia fulani imehama tangu barabara ya juu ifunguliwe 2022, au kwamba nauli hupanda mvua inyeshapo? Atauamini mchoro, na kituo kitajengwa mahali pasipo abiria. Yafaa basi mtahini adai daftari la safari kabla ya kutoa cheti.