Jinsi Mitambo Inavyotia Chuma Nguvu

Huko Kamakis, kando ya barabara ya Eastern Bypass karibu na mji wa Ruiru, nyumba za ghorofa zimejengwa kwa wingi katika miaka ya karibuni. Kila nyumba ya namna hiyo hutegemea chuma kilichofichwa ndani ya zege, na zege likisha kukauka mwenye nyumba hawezi kukiona tena. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajengaye, na kila fundi amjengeaye, ajue nguvu za chuma hutoka wapi na jinsi ziwezavyo kupotea.

Jambo hili laweza kuonekana hata kijijini. Msumari mpya ni mgumu, nao huingia katika mti bila kupinda. Lakini msumari uliookotwa katika majivu ya nyumba iliyoungua hujikunja mara tu upigwapo nyundo. Chuma ni kile kile, wala uzito wake haukupungua. Kilichobadilika ni mpango wa ndani.

Madini yote kama chuma, shaba na alumini yameumbwa kwa chembe ndogo zilizoshikamana, mfano wa chembe za chumvi, ila ni ndogo mno hata jicho haliwezi kuziona. Madini yapindapo, tabaka za ndani ya chembe huteleza moja juu ya nyingine, na mtelezo huo huzuiwa mpakani mwa chembe. Mfano wake ni ng'ombe aliyeponyoka. Katika shamba kubwa lisilo na ua atakimbia mbali, lakini katika mashamba madogo yenye nyua nyingi atasimamishwa kila hatua. Vivyo hivyo, chembe zikiwa ndogo mipaka huwa mingi, na madini huwa na nguvu zaidi. Kanuni hiyo ilielezwa na wataalamu wawili, E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953, nayo inaitwa kwa majina yao hata leo.

Njia mojawapo ya kuyatia madini nguvu ni kuyakandamiza au kuyavuta yangali baridi. Kazi ya kuvuta waya si ngeni katika nchi hii. Wahunzi wa Kikuyu na wa Kikamba walikuwa wakiupitisha waya wa chuma katika tundu nyembamba, kisha nyembamba zaidi, wakapata uzi mwembamba wa kufanyia mikufu. Viwanda vya leo huvuta waya kwa kanuni ile ile, lakini kwa nguvu za umeme. Waya uliovutwa hivyo hukatwa ukawa misumari. Waya huo huo ukitiwa katika tanuru huwa laini, na ndio waya wa kufungia nondo ambao fundi huuzungusha kwa koleo bila taabu. Moto huzifanya chembe zijipange upya na kukua, na ule ugumu uliopatikana kwa kuvutwa hutoweka.

Mbali na kuvuta, iko njia ya kusukuma. Zamani pande la madini lilitiwa katika silinda na kusukumwa na pistoni litokee katika tundu, kama dawa itokavyo katika bomba la sindano. Pande likiisha, kazi husimama mpaka litiwe jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu Derek Green, aliyefanya kazi Springfields karibu na mji wa Preston, Uingereza, alibuni mtambo usiosimama. Mtu aliyeona mashine ya kusagia nyama ataufahamu upesi: nyama huingia upande mmoja bila kukoma, na upande wa pili hutoka ikiwa na umbo la tundu.

Katika mtambo wa Green liko gurudumu lenye mfereji ukingoni. Fimbo ya alumini au shaba hulazwa katika mfereji huo, na juu yake hukazwa kifuniko kisichozunguka. Gurudumu lizungukapo, kuta za mfereji huikamata fimbo na kuivuta mbele mpaka ifike kwenye kizuizi. Hapo haina pa kwenda ila katika tundu lililowekwa tayari. Msuguano peke yake huipasha joto la mamia ya digrii, hata tanuru haihitajiwi.

Lakini joto hilo hulainisha. Ili kupata nguvu, mwaka 2004 wataalamu wa Urusi, G. I. Raab na R. Z. Valiev, pamoja na wenzao wa Marekani, walieleza mtambo wenye gurudumu kama lile, ila fimbo hupitishwa katika njia yenye kona. Unene wake haupungui, lakini kila ipitapo kwenye kona chembe zake huvurugwa na kugawanyika. Ikipitishwa mara kadhaa, chembe huwa ndogo kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita. Faida yake ni kubwa kwa nyaya za umeme. Alumini ikichanganywa na madini mengine hupata nguvu, lakini uwezo wake wa kupitisha umeme hupungua. Chembe zikifanywa ndogo, nguvu huongezeka na sehemu kubwa ya uwezo huo hubaki.

Nondo za ujenzi hazitengenezwi kwa mtambo huo. Hubanwa kati ya magurudumu zikiwa za moto, na nyingi za siku hizi hupozwa ghafla kwa maji, ili nje pawe pagumu na ndani pawe na ulaini wa kutosha kupinda bila kukatika. Maeneo ya Ruiru na Thika yana viwanda vya kazi za chuma, kama Devki huko Ruiru na Blue Nile huko Thika.

Hata hivyo, kiwanda kikifanya kazi njema namna gani, fundi aweza kuiharibu kwa dakika chache. Nondo ikitiwa katika moto mkali ili ipindwe kwa urahisi, ugumu ilioupata hupotea kama ule wa msumari wa majivuni. Nondo na ipindwe ikiwa baridi, juu ya meza yenye vigingi, kwa mkunjo mpana na si kona kali. Wala isipindwe, ikanyooshwa, ikapindwa tena mahali pale pale, kwani hapo ndipo itakapokatika. Mnunuzi naye aangalie alama ya Shirika la Viwango la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1974, kabla ya kulipa fedha zake, maana zege likisha kumwagwa hakuna awezaye kukagua.